Simu kwenye dirisha la nyuma: kisa cha Madamu na malengo yake matano

Wiki ya pili ya Januari 2024 Mwalimu Mkuu wa shule moja ya msingi wilayani Rungwe alinipigia simu. "Mwalimu, njoo unisaidie na Madamu. Malengo yake ya kazi ya mwaka nimeyasoma mara mbili, bado sijui nimsimamie kwenye lipi." Shule hiyo na ya kwangu zimetenganishwa na kijito na mashamba ya migomba, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu njia ikiwa kavu, jambo ambalo kwa Januari ya kwetu ni ndoto. Nimefundisha Kiingereza na Kiswahili katika shule za msingi kwa miaka 22, na kwenye kata yetu mimi ndiye ninayeombwa kukaa na walimu wa lugha wanapokutana kwenye jumuiya ya ujifunzaji, ule utaratibu wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Nikavaa gambuti, nikaenda.

Mwenye kisa sitamtaja jina. Shule nzima, kuanzia watoto wa awali hadi mlinzi, inamwita Madamu, nami nitamwita hivyo hivyo. Ana miaka 41, cheti cha ualimu Daraja A, miaka 16 kazini, mingi kati ya hiyo akifundisha hisabati. Mwaka huo alikabidhiwa Kiingereza cha Darasa la Tatu. Ndio mwaka ambao mtaala mpya ulianza kutumika kwa Elimu ya Awali, Darasa la Kwanza na Darasa la Tatu, kwa hiyo muhtasari ulikuwa mpya, somo kwake lilikuwa jipya, na mbele yake walikaa watoto 94 ambao wengi wao Kiingereza walikuwa wanakianza hapo.

Malengo yenyewe aliyaandika kwa mwandiko mzuri wa ubaoni. Kuinua ufaulu wa somo la Kiingereza hadi asilimia 90 ifikapo Desemba. Kutumia TEHAMA katika ufundishaji. Kushiriki kikamilifu mafunzo ya MEWAKA. Kuboresha umahiri wangu wa lugha ya Kiingereza. Kujiendeleza kitaaluma kwa kusoma shahada.

"Yana shida gani, kaka?" akaniuliza. "Nimeyachukua kwa mwenzangu wa Busokelo. Yake yalipita."

Nilicheka, naye akacheka, maana sote tulijua hata huyo wa Busokelo aliyachukua kwa mtu. Malengo ya namna hii yanazunguka kutoka shule hadi shule kama karatasi ya mtihani wa kujipima, yanabadilishwa jina la juu tu. Mshika mbili moja humponyoka, na Madamu alikuwa ameshika tano za kuazima.

Kabla sijamlaumu mtu niseme jambo moja. Mtumishi wa umma anajaza kazi zake kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji kazi uliochukua nafasi ya ule wa zamani, OPRAS, na msimamizi wake anaidhinisha. Huo ni mkataba wa kazi kati yake na mwajiri, na una lugha yake. Lengo la kukua kama mwalimu wa lugha ni kitu kingine, hata kama mwishoni utakata kipande chake ukakijaza humo. Wengi wetu tunayaandika yote mawili kwa sentensi moja, kisha tunashangaa kwa nini sentensi hiyo haitusaidii kitu Jumatatu asubuhi. Nilimwambia Madamu fomu aiache kama ilivyo, anunue daftari dogo la kurasa 40, tuzungumzie daftari.

Tukaanza na lengo la ufaulu.

"Nani anainua ufaulu?"

"Mimi."

"Jumatatu saa mbili na nusu, ukiwa umesimama mbele ya ubao, utafanya nini ambacho Ijumaa iliyopita hukukifanya?"

Akanyamaza, akatazama dirishani. Swali hilo silikubuni mimi kwa ujanja wangu. Kila semina ya malengo inakuja na kile kipimo cha lengo zuri chenye herufi tano, S.M.A.R.T., ambacho George Doran alikiandika mwaka 1981 kwa ajili ya mameneja wa kampuni kule Marekani. Herufi A kwake ilihusu kazi imekabidhiwa nani. Kwenye semina nilizohudhuria mimi A huwa ni "lenye kufikika", na yule mtendaji amepotelea njiani. Kwa mwalimu hasara yake ni kubwa, kwa sababu malengo yetu yamejaa vitendo vya watu wengine: wanafunzi watafaulu, wazazi watashiriki, somo litapendwa. Mwalimu mwenyewe haonekani akifanya kitu.

Asilimia 90 ilikuwa na tatizo la pili. Mtihani wa Kiingereza wa Darasa la Tatu unaotungwa shuleni ni wa karatasi. Mtoto anaweza kupigia duara herufi sahihi mara tisa kati ya kumi na bado asiweze kuomba maji kwa Kiingereza. Lengo lingetimia na somo lisitimie.

TEHAMA tuliipita haraka. Shule ina umeme ofisini na kwa Mwalimu Mkuu, madarasani hakuna. MEWAKA nayo tuliipita: kuhudhuria kikao ni wajibu, na mtu anaweza kuhudhuria vyote akiwa amesinzia.

Lililotuchukua muda ni hilo la mwisho, kujiendeleza.

Neno hili kwenye ofisi za walimu lina maana moja tu: kurudi chuo, kupata karatasi, kubadilishiwa muundo wa utumishi, kuongezewa mshahara. Ni maana halali kabisa. Madamu ana watoto watatu, mmoja anaingia sekondari, na sina ubavu wa kumwambia asitafute nyongeza. Ila neno hilo limemeza lile lingine, kukua katika kazi unayoifanya leo kwa watoto ulio nao leo. Mwalimu asiye na nafasi ya kwenda chuo mwaka huu anajiona hana cha kujiendeleza. Mwenye nafasi anaanza kusoma, na kwa miaka mitatu darasa lake linabaki pale pale kwa sababu jioni zake zote ni za kazi za chuo. Nimewaona wa aina zote mbili, na nimewahi kuwa wa pili.

Nikamuuliza mpango wake wa shahada ukoje. Ukawa haupo. Mwenye cheti kwa kawaida hupitia stashahada kwanza, na hilo alilijua, ila "shahada" ilikaa vizuri zaidi kwenye karatasi. Tukakubaliana kwamba masomo ni lengo la familia: lina bajeti, lina mume wa kushauriana naye, lina mwaka wa kuanza. Aliandike ukurasa wa nyuma wa daftari pamoja na ada na tarehe za maombi za vyuo vya karibu. Ukurasa wa mbele ubaki wa darasa. Alipumua kama mtu aliyetua ndoo.

Likabaki la umahiri wa lugha. Hapo alishusha sauti. "Kaka, wenzangu waliotoka mikoa mingine wananicheka. Nikisema five wanasikia fife." Sisi tuliokulia Kinyakyusa tunajua jambo hili. Lugha yetu haina z wala v. Mzungu kwetu ni umusungu, na ulimi uliozoea hivyo unachukua muda kuzoea vingine. Lengo hili lilikuwa la kwake kweli, wala hakuliazima popote. Lilitokana na aibu. Lengo lililozaliwa na aibu ni la kuchunguzwa polepole, kwa sababu linaweza kuwa linatibu kidonda cha mwalimu wakati ugonjwa wa darasa uko kwingine.

Sasa tungejuaje uko wapi? Nilimwambia tusiandike lengo lolote mpaka tusikilize kipindi.

Kurekodi kipindi kwa simu si jambo geni, wengi wanafanya. Kosa ni kuiweka simu mezani kwa mwalimu, ikanasa sauti ya mwalimu tu, jambo ambalo hata bila simu mnalijua. Tuliiweka kwenye kizingiti cha dirisha la nyuma, ndani ya kofia ya sufu ili upepo usiingie. Mtu asikae darasani, hata mimi. Mtu mgeni akikaa nyuma, watoto wanafundishwa kwa ajili yake.

Kipindi cha dakika 40 kilinaswa kwa dakika 37. Jumamosi tulikaa kwangu, mimi na yeye na chupa ya chai, tukasikiliza mara mbili huku nikiangalia saa na yeye akichora vijiti kwenye karatasi. Sauti ya Madamu: dakika 28. Darasa zima kwa pamoja, "Yes madam" na "This is a tree" za kuimba: kama dakika tano. Mtoto mmoja mmoja akisema neno la Kiingereza: mara 14, na majina tuliyoyatambua yalikuwa tisa tu, saba wa madawati mawili ya mbele. Madamu alisema sentensi 52 za Kiingereza, na 47 kati ya hizo alizitafsiri papo hapo kwa Kiswahili kabla mtoto hajafumbua mdomo. Matamshi ya v, ambayo ndiyo yaliyomkosesha usingizi, hayakumzuia mtoto yeyote kuelewa kitu.

Halafu kukawa na kile ambacho hatukukitarajia. Dakika ya kumi na moja hivi Madamu anauliza, What is this? Kutoka dawati la mwisho, karibu kabisa na simu, kunasikika sauti ya kunong'ona: It is a leaf. Madamu anauliza tena, anasubiri chini ya sekunde moja, anamwita mtoto wa mbele, wa mbele anakosea. Sauti ya nyuma inarudia: It is a leaf. Mwenzake anamwambia kwa Kinyakyusa anyamaze. Mara ya tatu sauti hiyo inasema taratibu zaidi, kama anajiambia mwenyewe. Kisha Madamu anatoa jibu na kulitafsiri, jani, na darasa zima linaimba.

Madamu alirudisha nyuma kile kipande mara nne. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, "Huyu namjua. Nimemwandika kwenye orodha ya wasiojua."

Hapo kisa kiligeuka. Tulianza na mwalimu aliyeamini kwamba tatizo ni Kiingereza chake, tukafika kwa mwalimu ambaye hawasikii wanafunzi wake, kwa sababu wako 94, kwa sababu anawatafsiria kabla hawajajaribu, na kwa sababu hasubiri. Hili la kusubiri limechunguzwa zamani. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, katika miaka ya 1970 alionyesha kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde moja baada ya swali, na kwamba wakifikisha sekunde tatu majibu ya watoto yanakuwa marefu na watoto wengi zaidi wanajitokeza. Alikuwa anachunguza masomo ya sayansi. Nadhani kwa lugha ya kigeni sekunde hizo zina uzito zaidi, maana mtoto ana kazi mbili: kufikiri jibu na kulitafutia maneno.

Lengo tuliloandika ukurasa wa mbele lilikuwa moja. Ninalinukuu kama lilivyo kwenye daftari lake: "Kuanzia Februari hadi Mei, kila kipindi cha Kiingereza, mimi nitawasikia watoto 20 tofauti wakisema sentensi moja ya Kiingereza peke yao. Nikiuliza nitahesabu hadi tatu. Maagizo ya darasani sitayatafsiri. Nitarekodi kipindi kimoja kila wiki mbili."

Namba 20 haikutoka hewani. Kwa watoto 94, ishirini kwa kipindi maana yake ndani ya vipindi vitano kila mmoja amesikika. Na neno tulilobishania ni "nitawasikia". Nilikuwa nimependekeza "watazungumza". Yeye ndiye aliyekataa, akasema kuzungumza ni kazi yao, kusikia ni kazi yake. Nilinyamaza, maana alikuwa amenishika kwa somo langu mwenyewe la mtendaji.

Kiingereza chake hatukukitupa. Tulikipunguza. Kwenye rekodi, mahali alipokuwa anakimbilia Kiswahili ni kwenye kuendesha darasa: funga daftari, mpe mwenzako, sogea, rudia taratibu, sema kwa sauti. Hizo ni sentensi kama arobaini hivi, hazizidi. Ule mfumo wa Ulaya wa mwaka 2001, unaopanga wanaojifunza lugha kuanzia A1, anayeanza, hadi C2, aliyebobea, umejengwa juu ya sentensi za "ninaweza". Tuliazima namna hiyo: "Ninaweza kuendesha mchezo wa dakika tano kwa Kiingereza bila kutazama karatasi." Kila jioni alikuwa anamtumia rafiki yake, mwalimu wa sekondari mjini Tukuyu, sauti tatu za WhatsApp zenye maagizo matatu, na rafiki anarudisha yaliyosahihishwa. Hakuna aliyecheka. Ada yake ilikuwa bando.

Vifaa vya darasani vilikuwa kopo moja tupu la rangi na vipande 94 vya manila vyenye majina. Madamu anauliza swali, watoto wanasemezana wawili wawili kwenye dawati, ndipo anapotoa jina koponi. Jina likitoka haliingii tena mpaka kopo liishe. Mpangilio huo wa kuuliza kwanza na kutaja jina baadaye una maana: ukitaja jina kwanza, 93 wanapumzika. Na sekunde tatu alikuwa anazihesabu kwa vidole vya mguu ndani ya kiatu, ili watoto wasione mdomo wake ukichezacheza.

Februari na nusu ya Machi mambo yakaenda. Rekodi ya pili, watoto 17. Ya tatu, 22. Mwalimu Mkuu akanipigia kunishukuru, nami nikajisikia mtu wa maana.

Halafu mvua.

Asiyeijua Tukuyu hawezi kuelewa nasema nini. Mwezi wa nne kwetu mvua haisubiri mchana, na madarasa yana bati bila dari. Ikianza, mwalimu akipiga kelele mtoto wa dawati la tatu anaona midomo tu. Nilikuwa nimemsaidia mtu kupanga lengo la kusikiliza katika miezi ambayo kusikia chini ya bati hakuwezekani, na mimi ni mzaliwa wa hapa hapa. Rekodi mbili za Aprili zilikuwa mvua tupu, dakika 40 za mvua. Kosa hilo ni langu mia kwa mia. Lengo la kazi linapaswa kuisoma kalenda ya mahali: mvua, msimu wa viazi, siku za gulio, Septemba ambapo walimu wote wanavutwa kwenda kuwaandaa Darasa la Saba. Fomu haina kisanduku cha mvua.

Madamu alifanya kile ambacho mimi sikukifikiria. Siku za mvua aligeuza kopo: mtoto aliyetoka koponi anakuja kumnong'oneza mwalimu sikioni, mmoja mmoja, wakati wengine wanaandika. Hakuna kilichonaswa kwenye simu, lakini alisikia. Yule mtoto wa jani, akaniambia, alipenda mvua kuliko jua.

Kosa la pili lilijitokeza kwenye rekodi ya Mei. Namba ilikuwa 24, ya juu kuliko zote, na nilipoisikiliza nikaona aibu. Watoto 24 walikuwa wamesema sentensi moja ile ile. This is a banana. This is a banana. Wa kumi na tano alikuwa anaisema kama anaita ng'ombe. Tulipima midomo, midomo ikaongezeka, lugha haikuongezeka. Ukimwekea mwalimu namba ya kufikia ataifikia, hata mwalimu mwaminifu, kwa sababu siku ni fupi na namba ni rahisi kuliko mtoto.

Tulikaa tena wakati wa likizo ya Juni. Tukasikiliza maswali ya Madamu badala ya majibu ya watoto. Karibu yote yalikuwa maswali ambayo yeye mwenyewe ana jibu lake. Ameshika ndizi, anauliza hii ni nini. Watoto si wajinga, wanajua anajua. Hakuna mtu nyumbani kwao anayeshika ndizi akauliza hii ni nini. Kwa hiyo muhula wa pili lengo lilibaki lile lile, likaongezewa kipande kimoja: "angalau nusu ya maswali yangu yawe yale nisiyojua jibu lake."

Kipande hiki kidogo ndicho kilichobadilisha vipindi kuliko kopo na kuliko simu. What do you have in your bag? Yeye hajui. I have a book, I have maize. Mmoja akasema I have parachichi, akaona neno halitoshi, akauliza kwa Kiswahili parachichi linaitwaje kwa Kiingereza. Madamu anasema tangu Januari hakuwa ameulizwa neno na mtoto hata mmoja. What do you eat at home? I eat rice. I eat ugali. Kisha jina likatoka la mtoto wa jani, akasema, I eat mbalaga. Darasa likacheka, Madamu akahesabu hadi tatu kwenye kiatu, kisha akaandika ubaoni sentensi hiyo kama ilivyo. Aliniuliza baadaye kama alikosea kuliacha neno la Kinyakyusa kwenye ubao wa Kiingereza. Nikamwambia ndizi za mbalaga hata mimi sijui Waingereza wanaziitaje.

Kopo nalo lilituletea habari ambayo hatukuiagiza. Kila mzunguko ulipoisha yalibaki majina yale yale, sita. Rejesta ilikuwa inawaonyesha wapo, kwa sababu asubuhi kweli wanafika. Madamu alipofuatilia akakuta ni watoto wanaotoka baada ya mapumziko siku za gulio kwenda kusaidia kuuza ndizi, na kipindi chake siku hizo kilikuwa baada ya mapumziko. Mwalimu wa taaluma alikihamishia asubuhi. Wanne kati ya sita wakaanza kusikika. Wawili mpaka Desemba hawakupatikana vizuri, na wazazi waliitwa, na hadithi yao siwezi kuiandika hapa.

Oktoba Afisa Elimu Kata alipita. Akauliza, kama anavyopaswa kuuliza, "Madamu, lile lengo la asilimia 90 limefikia wapi?" Madamu akamwonyesha matokeo ya jaribio la mwezi, ambayo yalikuwa yamepanda kidogo tu, hakuna cha kupigia vigelegele. Kisha akamwomba asikilize simu, dakika tatu za Januari na dakika tatu za wiki ile. Mheshimiwa alisikiliza amesimama, akaketi, akasikiliza tena. Akasema, "Hizi za sasa nawasikia watoto." Akaandika kwenye daftari lake kitu ambacho hatukukiona, akaaga.

Rekodi ya mwisho ya mwaka ilikuwa na namba hizi: sauti ya Madamu dakika 19, watoto waliosema peke yao 26, sentensi zilizotafsiriwa papo hapo 15. Bado anatafsiri akichoka, hasa kipindi cha mwisho cha Ijumaa. V inaendelea kutoka f. Maagizo arobaini anayo yote kichwani, na kwenye kikao cha jumuiya mwezi Novemba aliyaendesha kwa walimu wenzake kama mchezo, wale wale waliokuwa wakimcheka wakasimama na kuketi kwa amri yake.

Ukurasa wa nyuma wa daftari una hesabu ya ada ya stashahada, imefutwa na kuandikwa upya mara mbili. Anasema wakivuna vizuri parachichi ataomba nafasi.

Januari 2025 alipewa tena Darasa la Tatu jipya, watoto 101, na wale wa kwake wakapanda Darasa la Nne kwa mwalimu mwingine, kijana aliyehamia kutoka nje ya mkoa. Madamu alimpelekea kopo pamoja na vipande vyake vya manila, akamweleza na habari za mtoto wa jani na wale wawili. Kijana alimshukuru kwa heshima, "asante sana dada," akaliweka kopo juu ya kabati. Akasema atalitazama akipata nafasi, kwa sababu malengo yake ya mwaka ameshayajaza, yako matano.